Alizeti uani: mvua shinani, jua kichwani

Mtu akitaka kupanda alizeti nyumbani, swali lake la kwanza huwa ni mbegu. Aanze na kalenda. Bustani ya uani ikikosa mavuno, mara nyingi udongo hauna kosa. Kosa ni tarehe ya kupanda. Mmea huu unataka mvua ukiwa unatoa majani, unataka unyevu wakati wa kuchanua, kisha unataka jua na hewa kavu tangu punje zinapojaa hadi siku ya kukata kichwa. Kichwa kikikomaa huku mvua bado inanyesha, maji hutuama kisogoni mwake, maana kikishainama kisogo huwa kama bakuli. Kinalainika, kinageuka rangi ya kahawia yenye majimaji, na ndani ya siku chache punje zimeshika ukungu.

Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Mbegu za kawaida zinazopandwa Tanzania, kama Record, huchukua takriban siku 100 hadi 120 tangu kupandwa hadi kukomaa. Mbegu chotara, yaani zilizopatikana kwa kuzalishanisha aina mbili tofauti, nyingi huwahi zaidi, siku 90 hadi 105. Nyanda za baridi huongeza siku, joto hupunguza. Maua hufunguka kati ya siku ya 55 na ya 75. Jiulize mvua ya kwenu hukatika lini, kisha panga tarehe ili kichwa kichanue mvua za mwisho zikiwa bado zipo na kikomae zikiwa zimekwisha.

Dodoma na Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja na hukatika Aprili, panda kati ya mwisho wa Desemba na katikati ya Januari. Maua utayaona Machi, utavuna mwisho wa Aprili au Mei. Iringa, Njombe na Mbeya, ambako mvua huvuta hadi Aprili au Mei na baridi huchelewesha mimea, mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari panafaa zaidi. Penye misimu miwili, kama Pwani, Arusha, Kilimanjaro na sehemu kubwa ya Kenya, vuli ndiyo rafiki wa alizeti: ukipanda Oktoba, kichwa kinachanua Desemba na kukomaa Januari au Februari, jua likiwa kali. Ukipanda masika inapoanza, ua litachanua katikati ya mvua kubwa na nyuki hawatatoka. Ni afadhali upande masika ikielekea ukingoni, mwisho wa Aprili, umalizie kwa ndoo na kopo. Mwenye shamba la ekari kumi hawezi kufanya hivyo. Mwenye bustani ya uani anaweza, na faida hiyo aitumie.

Upande wa kupanda

Alizeti ina uso na kisogo, na watu wengi huligundua hilo likiwa limeshachelewa. Mmea mchanga hugeuka kulifuata jua, asubuhi ukitazama mashariki na jioni magharibi, kisha usiku unarudi. Kinachougeuza ni shina: upande mmoja hurefuka haraka kuliko mwingine. Ukikomaa, shina halirefuki tena, na kichwa hubaki kimeelekea mashariki mpaka mwisho. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha sababu moja ya kufaa kwake: ua linalotazama mashariki hupata joto mapema asubuhi, na nyuki hulitembelea zaidi kuliko lililogeuzwa magharibi.

Sasa fikiria baraza la nyumba yako. Ukipanda alizeti mashariki ya baraza, kila siku utakuwa unatazama visogo vya kijani, na jirani wa ng'ambo ya pili ndiye atakayefaidi manjano yote. Zipande upande wa magharibi wa uwanja ili zikutazame.

Kwa bustani ya pamoja, iwe ya shule, ya kikundi au ya mtaa, ukingo wa magharibi unafaa kwa sababu nyingine pia. Alizeti hufika mita moja na nusu hadi mita mbili na zaidi. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupita juu ya kichwa, na kivuli kirefu hulala asubuhi kuelekea magharibi na jioni kuelekea mashariki. Zikiwa ukingo wa magharibi, mboga za wenzako zinapata jua lote la asubuhi, na kivuli kinazifikia mchana umeshapinda, wakati ambapo mchicha na sukuma wiki wala hazichukii kupumzishwa. Acha mita nzima kati ya alizeti na kitalu cha jirani. Mizizi yake ni mirefu na ina kiu, na haigawani maji na mtu. Jambo hili mkubaliane kabla ya jembe la kwanza, si baada ya mchicha wa mtu kudumaa.

Eneo lipate jua kwa muda wa saa sita kila siku kwa uchache. Chini ya mwembe au kando ya ukuta mrefu utapata shina jembamba refu lililolala na kichwa cha ukubwa wa kikombe.

Udongo na mbolea

Alizeti hustahimili udongo ambao mahindi yangelia, lakini haivumilii maji yaliyotuama. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, subiri yanywewe, lijaze tena. Kama muda wa saa nne umepita na maji bado yapo, tengeneza matuta ya sentimita 20 kwenda juu upande juu yake, au tafuta sehemu nyingine.

Mzizi mkuu hushuka moja kwa moja kama msumari, na katika udongo uliolegea unaweza kupita mita moja na nusu. Uani ndipo penye taabu: udongo umekanyagwa miaka, au chini yake kuna kifusi cha ujenzi. Mzizi ukigonga tabaka gumu hugeuka pembeni, na mmea wenye mzizi wa hivyo huanguka upepo wa kwanza kichwa kikishakuwa kizito. Kwa hiyo lima kwa kina cha sentimita 30 hata 40, vunja mabonge, ondoa matofali. Kazi hii ni ya siku moja na inalipa kuliko mbolea yoyote.

Mfano tutakaoutumia hapa ni ukanda wa mita 6 kwa mita moja na nusu, unaotosha mistari miwili. Tandaza madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri, isiyo na moto wala harufu kali, uichanganye na udongo wa juu wiki mbili kabla ya kupanda. Samadi mbichi ni hatari mara mbili: huunguza mche, tena huvuta mchwa. Kama huna samadi, tumia mbolea ya dukani ya kupandia iitwayo DAP, nusu kizibo cha soda kwa kila shimo, ifunikwe na udongo wa vidole viwili kabla ya kuweka mbegu ili visigusane.

Usizidishe naitrojeni. Anayemwaga urea, mbolea yenye naitrojeni nyingi, kwa kutaka alizeti kubwa huipata kubwa kweli: majani mapana, shina la majimaji, na kichwa kinachochelewa kukomaa na kuoza upesi. Majivu ya jikoni yana potasiamu ambayo alizeti huitumia sana. Konzi mbili au tatu kwa mita ya mstari, zilizonyunyizwa mbali kidogo na shina, zinatosha. Pwani, kwenye udongo wa chokaa ya matumbawe, yaache. Udongo huo una chokaa ya kutosha, na majivu huongeza hali hiyohiyo.

Mbegu

Punje nyeusi ndogo ni za mafuta. Zenye michirizi myeupe na kubwa ni za kutafuna. Zinazouzwa kwa ajili ya maua ya kukata ni jambo jingine kabisa, na baadhi hazitoi chavua, kwa hiyo usizitegemee kwa punje.

Ukinunua dukani, angalia mfuko uliofungwa wenye lebo ya TOSCI kwa Tanzania, au alama ya KEPHIS kwa Kenya (taasisi za serikali zinazothibitisha ubora wa mbegu), na tarehe ya kupimwa. Ukipewa na jirani, uliza kwanza kama ni chotara. Punje za chotara ukizipanda tena zitaota, lakini kila mmea utakuja na sura yake: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja wenye vichwa vitano vidogo. Za kienyeji na Record unaweza kuzitunza mwaka hadi mwaka, mradi uchukue punje kutoka vichwa kumi au zaidi, si kile kimoja kikubwa kilichokupendeza. Tena zisiwe zimetoka kuvunwa juzi. Punje mpya hulala usingizi wiki kadhaa kabla ya kukubali kuota, na mtu huzitupa akidhani zimekufa.

Zijaribu. Punje 20 kwenye kitambaa kilicholowa, kikunje, kiweke mahali pa joto, kilowanishe kila siku. Baada ya siku tano au sita hesabu zilizotoa mzizi. Zikiwa 16 au zaidi, weka punje mbili kila shimo. Zikiwa 10 hadi 15, weka tatu au nne. Chini ya 10, tafuta mbegu nyingine. Kuzidisha idadi shimoni hakutaponya mbegu iliyochoka.

Kupanda

Funga kamba mbili zilizoachana sentimita 75. Kwenye kila kamba chimba mashimo kila sentimita 30. Kwa ukanda wetu ni mashimo 20 kwa mstari, yaani mimea 40. Kina ni sentimita 5 kwenye mchanga na sentimita 3 kwenye mfinyanzi. Panda mvua ikiwa imelowesha udongo kama shubiri moja kwenda chini. Mvua ya kulaza vumbi haitoshi, itaiamsha mbegu na kuiacha ikauke.

Ukibana mashimo kwa tamaa ya kupata vichwa vingi, utavipata vingi vidogo, hewa haitapita kati ya majani, na ugonjwa wa majani utafika mapema. Ukiachanisha mno, vichwa vinakuwa vikubwa kama sinia, vinapendeza kwa picha, ila katikati vina mapepe matupu na vinachelewa kukauka. Kichwa kizuri cha mavuno ni cha upana wa shubiri moja, kilichojaa hadi kitovuni.

Kupandia kwenye viriba hatukushauri. Mzizi ule wa msumari ukikunjika kwenye kiriba haunyooki tena. Ukilazimika, kwa sababu ya kuku au panya, tumia viriba virefu na uhamishe mche ukiwa na majani mawili hadi manne, usizidi wiki mbili, jioni, pamoja na bonge lake lote la udongo.

Miche hutokeza siku ya tano hadi ya kumi, ikiwa imevaa ganda la punje kichwani kama kofia. Usiivue kwa mkono. Ganda likiwa kavu utang'oa na jani. Nyunyizia maji, litadondoka lenyewe.

Siku hizo ndizo za hatari kubwa. Kuku wa nyumbani atafukua mstari mzima kwa nusu saa. Funika mashimo kwa matawi ya miiba mpaka miche ifike urefu wa kiganja. Ukikuta shimo limefukuliwa na maganda yako pembeni, ni panya au ndege. Ukikuta mche umelala chini, umekatwa usawa wa udongo kama kwa wembe, ni sota, kiwavi mla miche wa usiku. Fukua palepale kwa kidole, kina cha sentimita 2 hadi 5, utamkuta amejikunja, wa kijivu, mnene. Muue, kisha kagua mashimo ya jirani, maana usiku mmoja hupita kwenye miche kadhaa. Kuzungushia kila mche pete ya kopo lisilo na kitako, lililodidimizwa sentimita 3 ardhini, humzuia kabisa, na kwa mimea 40 kazi hiyo inawezekana.

Wiki ya pili au ya tatu, mche ukiwa na majani manne ya kweli, punguza ubakize mmoja kila shimo. Bakiza mnene, si mrefu. Wa ziada ukate kwa mkasi au kwa kucha. Ukiung'oa unatikisa mizizi ya anayebaki. Watu huona huruma hapa wakaacha miwili. Mavuno ya shimo lenye miwili si mara mbili, mara nyingi ni vichwa viwili vya mapepe.

Palilia wakati huohuo wa kupunguza, na tena wiki ya tano. Baada ya hapo majani yenyewe hufunika ardhi. Katika palizi ya pili, mmea ukiwa kimo cha goti au zaidi kidogo, pandishia udongo shinani kama kilima cha sentimita 10 hadi 15. Hicho ndicho kinachoizuia isianguke kichwa kikishakuwa kizito.

Maji na kuchanua

Alizeti ina sifa ya kuvumilia ukame, na sifa hiyo imewaponza wengi. Haifi upesi kwa kiu, lakini mavuno yake hupungua. Kuna kipindi kimoja isichosamehe: tangu kitumba kinapoonekana katikati ya majani ya juu, kikiwa na ukubwa wa kifungo cha koti, mpaka wiki mbili au tatu baada ya ua kufunguka. Mvua ikikatika hapo, mwagilia lita 5 kwa kila mmea kwa wiki, ukigawa mara mbili. Kwa mimea 40 ni lita 200, yaani ndoo kumi za lita 20. Mwaga shinani, polepole, kamwe usimwage juu ya kichwa. Matandazo ya majani makavu unene wa vidole vinne yatakupunguzia ndoo mbili tatu.

Usipime kiu kwa macho ya saa saba mchana. Majani ya alizeti hulegea juani hata udongo ukiwa na maji. Pita alfajiri: yakiwa bado yamelegea kabla jua halijatoka, hapo ina kiu kweli.

Ua likifunguka, lisogelee saa tatu asubuhi ulitazame vizuri, kwa sababu hapo ndipo mavuno yanapoamuliwa. Yale "majani" ya manjano ya pembeni hayazai kitu, ni matangazo tu. Maua yenyewe ni madogo, mamia kwa mamia, yamepangwa kwenye uso wa kichwa, na kila moja litakuwa punje moja. Yanafunguka kwa duara, kuanzia nje kuelekea ndani, duara chache kila siku. Utaona pete ya nje yenye vindimi viwili vilivyojikunja: hayo yako tayari kupokea chavua. Pete inayofuata ina vijiti vyeusi vya kahawia vyenye unga wa dhahabu: hayo yanatoa chavua leo. Katikati bado vimefumba, vya kijani. Kazi yote huchukua siku tano hadi kumi, na kila ua dogo huanza kwa kutoa chavua kabla halijawa tayari kupokea. Ndiyo maana nyuki anahitajika abebe chavua kutoka kichwa kimoja hadi kingine, na ndiyo maana mmea mmoja uliosimama peke yake uani hutoa mapepe mengi. Panda angalau kumi, siku moja.

Kwa sababu hiyohiyo, usipulizie dawa yoyote ya wadudu siku hizo. Vidukari wachache chini ya majani waache, wadudu kibibi, wale wa mviringo wenye madoa mgongoni, watawala. Funza wa vitumba, yule wa kijani au kahawia anayetoboa kichwa na kuacha kinyesi cha chembechembe, kwa mimea 40 mwokote kwa mkono asubuhi na jioni. Kama kikundi kimeamua lazima dawa ipigwe, ipigwe kabla vitumba havijafunguka.

Mapepe yakiwa katikati tu ya kichwa, upana wa sarafu, ni kawaida. Yakiwa yametawanyika kichwa kizima, nyuki hawakuja au mvua iliosha chavua. Yakiwa ni duara pana la katikati huku pembeni pamejaa, maji yaliisha wakati pete za ndani zinafunguka.

Ndege

Ua likishanyauka, zamu ni ya ndege. Chiriku, shomoro na kasuku huanza punje zikiwa bado laini kama maziwa, na kichwa kimoja huisha kwa siku mbili. Dawa ya uhakika uani ni ile mifuko ya nyavu ya vitunguu: vika kichwa, funga shingoni kwa kamba, acha nafasi wavu usigusane na punje, la sivyo watadonoa kwa nje. Uvike baada ya manjano kunyauka, siyo kabla, usije ukawafungia nyuki mlango. Mfuko wa nailoni usitumie hata siku moja. Jasho lake litaozesha kichwa kabla ndege hawajafika.

Kanda za kaseti na CD zinazong'aa hufanya kazi siku nne tano, kisha ndege wanazizoea. Kwenye bustani ya pamoja pangeni zamu za asubuhi, kuanzia mapambazuko hadi saa tatu, na jioni kuanzia saa kumi. Ndege mchana wa jua hupumzika.

Magonjwa ya kuyatambua

Vipele vya rangi ya chungwa iliyoungua chini ya majani, ukipitisha kidole unabaki na unga: ni kutu. Ikija wakati punje zimeshajaa haina madhara makubwa. Ikija kabla ya maua, ondoa majani ya chini yaliyoathirika na msimu ujao ongeza nafasi. Mche uliodumaa, majani yamepauka kufuata mishipa, na chini yake kuna utando mweupe asubuhi, ng'oa uchome, kwa sababu hauponi na unaambukiza.

Mbaya kuliko yote ni ule unaonyausha mmea mzima ghafla ukiwa umejaa afya. Chunguza shina usawa wa ardhi. Ukikuta pamba nyeupe, na ukipasua shina ukakuta vipande vyeusi vigumu kama mavi ya panya, ni ukungu mweupe. Vile vyeusi huishi ardhini miaka. Ng'oa mmea na udongo wake wa shinani, choma, usiutie kwenye mboji. Mahali hapo usipande alizeti, maharage, kabichi wala karoti kwa miaka minne. Mahindi, mtama na uwele haviugui ugonjwa huo.

Majani ya chini kuwa ya njano wakati kichwa kinakomaa si ugonjwa. Mmea unahamisha chakula kwenda juu.

Kuvuna na kutunza

Usiangalie uso, angalia kisogo. Kikiwa kijani, bado. Kikiwa manjano kama limau lililoiva na vile vijani vidogo vya ukingoni vimeanza kuwa kahawia, punje zimeshajaa na unaweza kukata kama ndege au mvua vinakutisha. Kikiwa kahawia chote, kata siku hiyohiyo. Acha kikonyo cha shubiri ili upate pa kushika.

Kausha juu ya kichanja au turubai, uso ukitazama chini siku mbili za kwanza, kisha geuza. Usirundike. Siku tatu hadi tano za jua zinatosha. Vichwa vikisuguliwa kimoja kwa kingine punje zikadondoka zenyewe, tayari kupura: piga kisogo kwa fimbo ndogo juu ya mkeka. Ukipiga kwa gongo zito unapasua maganda, na punje iliyopasuka huchacha upesi. Pepeta kwa ungo, mapepe yatapeperuka. Anika tena siku mbili. Punje kavu ukiitafuna ganda hupasuka kwa mlio mkali. Ikipinda, rudisha juani. Hifadhi kwenye gunia juu ya kichaga, mbali na ukuta, au kwenye ndoo yenye mfuniko ikiwa umehakikisha ukavu wake.

Mimea 40 iliyotunzwa hutoa kilo moja na nusu hadi mbili. Tuseme wazi: hayo si mavuno ya kupeleka mashineni, kwa kuwa lita moja ya mafuta kwenye mashine ndogo hutaka kilo nne hivi za punje. Kikundi chenye kanda sita kama hii kinaweza kwenda, na kirudi na mashudu yake, yaani makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, yasiachiwe mwenye mashine. Ni chakula kizuri cha kuku na ng'ombe kikichanganywa na pumba. Mwenye ukanda mmoja azitafune. Loweka punje usiku mzima kwenye lita moja ya maji yenye vijiko vitatu vya chumvi, zichuje, zianike zikauke nje, kisha kaanga kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15, ukikoroga bila kuacha. Zitoe zikiwa bado kidogo hazijafika, maana joto lake lenyewe humalizia.

Mashina yasiyo na ugonjwa yakate vipande, yarudishe ardhini au yachome upate majivu, kwa kuwa potasiamu nyingi iliyochukuliwa imo humo. Yape wiki kadhaa yaoze kabla ya kupanda kitu, kwani masalia mabichi ya alizeti huzuia mbegu ndogo kuota. Msimu unaofuata weka mahindi au mtama kwenye ukanda huo, na alizeti uihamishie ukingo mwingine kwa miaka mitatu.